Asali Niliyoimwaga Nyuma ya Mpapai

Juzi mjukuu wangu katoka safari, kaniletea chupa ya asali. Ya plastiki, ina kifuniko chekundu, na tumboni wamebandika karatasi ina picha ya nyuki anacheka, sijui nyuki gani huyo. Akaniambia, bibi, hii ya Tabora kabisa. Nikamwambia weka hapo. Mie asali za siku hizi siziamini, nyingi ni sukari guru imechemshwa. Lakini alipotoka nikafungua kifuniko, nikanusa. Weee. Ule moshi. Asali ya porini ina moshi ndani yake, ukiinusa unasikia kama mtu kapika karibu yako halafu kaondoka zake. Nikakaa chini na chupa yangu mapajani. Mjukuu aliporudi kanikuta nacheka peke yangu, akauliza, bibi, una nini? Nikamwambia, nina miaka saba.

Sasa nyie wenzangu, ambao meno yamebaki ya kuhesabu, mtanielewa. Kariakoo yetu haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa mchanga mtupu, unatembea peku mguu unazama. Nyumba zetu za udongo tumeziezeka kwa madebe yaliyopasuliwa yakanyooshwa, mvua ikinyesha humsikii mwenzio hata akikuita sikioni. Asubuhi mtaa unanuka mkaa na vitumbua, mchana upepo ukigeuka unaletewa papa mkavu kutoka sokoni, jioni ubani. Mngereza alikuwa katupanga kama mtu anavyopanga vyombo kabatini: Wazungu kule penye upepo wa bahari, Wahindi katikati na maduka yao, sisi huku. Na kati yetu na Wahindi pale Mnazi Mmoja, uwanja mtupu, ili tusigusane. Baba yangu alikuwa anauvuka ule uwanja kila asubuhi kwenda kushona nguo barazani kwa Mhindi, na kila jioni anauvuka tena kurudi.

Mie sikuzaliwa mjini. Nililelewa shamba, upande wa Kisarawe, na bibi mzaa mama, mpaka meno ya mbele yalipong'oka ndipo baba akaja kunichukua. Siku ya kwanza kumwona nilimjua kwa futi. Futi ya mkanda, ile ya mafundi, ya njano, inaning'inia shingoni mwake kama mkufu, na namba za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Alikuwa haivui. Akienda msikitini tu ndipo anaivua, ananivisha mie, ananiambia, Mwamvua, nitunzie kazi yangu. Basi mie nakaa barazani nimenyooka shingo, naona watu wote wa mtaa wananitazama mie tu.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, sisi tuna kimoja, na chumba kinachotukabili ng'ambo ya ukumbi anakaa Mnyamwezi mmoja anaitwa Mzee Maganga. Mrefu, bega moja limeshuka kwa ajili ya magunia, maana kazi yake ilikuwa stesheni, kushusha mizigo kwenye mabehewa. Sauti yake ilikuwa nzito, akiongea chumbani kwake vikombe vyetu vinajibu. Na huyo bwana kila asubuhi, kila siku ya Mungu, anakaa barazani na mswaki wake wa mti, anamsubiri baba atoke. Baba akitoka tu, anamtazama juu mpaka chini, anatikisa kichwa.

"Mtumwa wangu, umeamka tena? Mie jana nilishawaambia watu waje kuchimba."

Baba anamjibu hata hasimami, kwamba yeye atakufaje na Maganga hajamaliza kubeba magunia aliyoachiwa na babu yake. Maganga anasema sawa, nenda, lakini kitanda chako nimeshakipigia hesabu, kofia yako pia, na huyu mkeo nitamrithi akiwa bado na nguvu. Mama yangu huko ndani, amechutama na chuma cha vitumbua, anapaza sauti kwamba nani amtake mwanamume ananuka magunia. Watu wanacheka, baba anaondoka na futi yake, siku imeanza.

Watu wanacheka, mie sicheki. Bibi yangu kule shamba alinifundisha kwamba anayekupenda hataji kifo chako, na akitokea mtu akakitaja, tema mate chini, ondoka. Basi kila Maganga akifungua mdomo mie natema mate. Asubuhi natema, jioni natema. Mama akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu siku tatu. Nikainywa. Sikusema kitu, maana niliona watu wazima wa nyumba ile wote wamelogwa, wanacheka na mtu anayemtakia baba yangu kifo waziwazi, na mwenye akili nimebaki mie.

Nyie mnajua ule ulikuwa utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu wazee wao wanakutana njiani na misafara ya mizigo. Mtani anakutukana, anakuchukulia kitu chako mbele ya macho yako, na siku ukifa yeye ndiye anakuja kuchekesha msiba. Lakini mie nani aliniambia? Kule kwetu shamba tulikuwa kabila moja tupu, nani angemtania nani. Mtoto wa mjini hafundishwi utani, anazaliwa anausikia kama anavyosikia adhana. Mie nilikuja mjini kichwa kimeshajaa mafunzo ya bibi.

Masika ile ilinyesha sawasawa. Jangwani kote maji, watoto wakubwa wanaenda kutazama mabwawa, mie nakatazwa. Siku moja baba alikuwa kamaliza suti ya bwana harusi mmoja wa Kihindi, akaambiwa aipeleke nyumbani kwa mwenyewe, mvua ikamkuta njiani. Akavua koti lake akaifunika suti. Suti ikafika kavu. Yeye akarudi kwetu anatiririka kama kanga iliyotoka kufuliwa, meno yanagongana, na bado anajisifu kwamba ile suti hata tone halikuigusa. Siku ya tatu hakuamka kwenda kazini. Kichomi. Akivuta pumzi unaona uso unakunjamana, anaishika ile pumzi kama mtu kashika kitu cha moto. Mama na jirani wakampeleka hospitali ya serikali, wakamdunga sindano, wakampa na vidonge, wakasema arudi nyumbani alale, ale, apate nguvu.

Ale wapi. Chakula kilikuwa hakipiti. Mama anampikia hiki, anakisukuma. Anampikia kile, anakitazama tu. Ile futi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na mie nikiiona pale ukutani badala ya shingoni mwake, nageuza uso. Usiku nilikuwa natandika mkeka wangu chini ya kitanda chake. Sikuwa naogopa majini wala wezi. Nilikuwa nalinda mlango, Maganga asiingie.

Maana Maganga ndo kwanza alizidi. Akitoka kazini hapitii hata chumbani kwake, anafunua pazia letu na vumbi la magunia yake lote mwilini, anauliza, bado yupo? Anakaa kwenye kigoda, anamwambia baba kwamba stesheni wote wanasubiri pilau ya msiba, atawaaibisha mpaka lini. Mama anacheka kidogo, anajifuta macho na ncha ya kanga. Nikasema moyoni, hata mama kashaingia kwenye njama.

Halafu ikaja ile alasiri. Mama yuko bombani anapanga foleni ya maji, mie niko nyuma ya pazia nachambua mchele. Maganga kaingia, kanipita kama hanioni. Akasimama akamtazama baba, akatazama ukutani, akaichukua ile futi kwenye msumari. Akaishika ncha moja, akaiweka kichwani kwa baba, akaivuta taratibu mpaka kwenye kifua, tumboni, magotini, ikaisha akaihamisha, akafika nyayoni akainama kusoma namba. Akarudi juu, akapima na mabega.

"Tulia hivyo hivyo," akasema. "Wachimbaji wanataka vipimo. Wasije wakachimba kubwa, tukapoteza ardhi bure kwa Mzaramo."

Baba akageuzia uso ukutani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikaona chozi linatoka pembeni ya jicho linaingia sikioni. Nikajua baba analia. Mtu mzima, baba yangu, fundi wa kushona suti za maharusi, kalala hoi anapimwa kaburi kwa futi yake mwenyewe, na hana nguvu hata ya kumfukuza anayempima. Mchele wote ukanimwagika. Na siku ile ile, mie nikaapa kwamba baba yangu hafi kwa mkono wa yule bwana.

Kesho yake Maganga akaja na chupa. Chupa ya kijani, ya pombe ya Wazungu, imezibwa na gunzi la muhindi. Ndani asali. Alikuwa analetewa na ndugu zake kwa treni, mara moja kwa mwaka, chupa mbili tatu, na hampi mtu; tulikuwa tunaijua kwa harufu tu, akizibua, moshi wake unatembea ukumbini. Akamwambia mama, hii mchanganyie kwenye uji wa ulezi na tangawizi, kila jioni kibakuli kimoja, amalize yote. Mama akamshukuru mpaka akapiga goti. Mie nikaiangalia ile chupa. Kijani, haionekani ndani vizuri. Mtu ameshachukua vipimo, keshoye kaleta cha kunyweshea mgonjwa. Mtoto mjinga tu ndo asingeelewa.

Sasa nani alikuwa anapeleka kile kibakuli? Mie. Mama jioni anashughulika uani, ana moto wa uji na ana moto wa vitumbua vya kesho, na mdogo wangu mgongoni. Anakoroga, anatia asali, ananiambia mpelekee baba, usimwage. Natoka uani na kibakuli mikono miwili, uso umetulia, mtoto mwema kabisa. Mama akigeuka tu, nazunguka nyuma ya mpapai, pale karibu na ua wa makuti ambapo watu wanamwaga maji ya kuoshea vyombo, namimina yote. Halafu narudi kimya kimya kwenye sufuria dogo la uji wetu watoto, ule mweupe, hauna hata sukari, nachota nawekea baba. Naenda namnywesha kijiko kijiko. Namfuta mdomo. Anaishia vijiko vitatu, vinne, anasema basi mwanangu. Hakusema kitu kuhusu utamu. Mdomo wa mgonjwa, nani ajuaye unaonja nini.

Nilifanya hivyo jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Na kila siku baba anazidi kupungua. Shingo ikawa nyembamba, mifupa ya mashavu imetoka. Mama anakoroga uji macho yako mbali. Na mie najiambia, sumu ile labda iliingia kabla, siku ya vipimo, labda futi ndo ililogwa. Nikaichukua futi msumarini nikaiosha kwa maji ya chumvi. Nikaweka kipande cha mkaa chini ya kitanda kama alivyokuwa anafanya bibi. Nilifanya kila kitu nilichokijua duniani, na vilikuwa viwili hivyo.

Waliosema walikuwa sisimizi.

Asubuhi ya saba, Mzee Maganga katoka na kopo lake la maji anaelekea chooni. Mie niko uani natwanga chumvi. Namwona anasimama. Anatazama chini. Mstari wa sisimizi umetoka chini ya ukuta wa jikoni, mnene kama kamba ya kisima, umevuka uwanja wote wa uani, unazunguka nyuma ya mpapai. Akaufuata taratibu, kopo mkononi, kama mtu anafuata reli. Akazunguka mpapai. Akachutama. Akachovya kidole kwenye ule udongo, akanusa. Mtu wa asali huwezi kumdanganya. Akakaa pale kachutama muda mrefu, mgongo katupa, na mie mchi umegandia mkononi.

Aliporudi hakupaza sauti. Hiyo ndo iliyonitisha, ile sauti ya vikombe kuitikia, siku hiyo ilikuwa ndogo kabisa. Akaja akachutama mbele ya kinu changu.

"Mwamvua, baba yako hapendi asali?"

Ningeweza kudanganya. Mpaka leo nashangaa kwa nini sikudanganya. Nadhani nilikuwa nimechoka kulinda peke yangu. Nikasimama, mchi nimeushika hivi, nikamwambia, "Sumu yako nimeimwaga yote."

"Sumu?"

"Unataka baba afe."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Kila siku unasema. Na umempima."

Basi yule mtu mrefu akanitazama. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, kama mtu kashushiwa gunia ambalo hakulitegemea. Akaweka kopo chini, akanishika mkono, si kwa nguvu, tukaingia ndani mpaka kwa baba, mama anatufuata anauliza kuna nini. Akaniambia, haya, mwambie baba yako ulichoniambia mie. Nikasema yote. Asali, mpapai, uji mweupe, siku sita, mkaa chini ya kitanda. Nilipofika kwenye uji mweupe mama akatoa sauti ambayo sitaki hata kuikumbuka, akanyanyua mwiko.

Maganga akaweka mkono wake katikati. "Usimguse huyu," akasema. "Nyumba nzima hii tunacheka cheka tu. Mtu mmoja ndiye aliyesimama mlangoni kumlinda mtumwa wangu."

Mama mwiko ukashuka. Akakaa kitandani miguuni pa baba, akalia. Na mie ndo kwanza nikajua nimefanya nini, kwamba zile siku sita baba alikuwa ananyauka kwa mkono wangu, kijiko kijiko, huku namfuta mdomo. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akaniita kwa kidole. Sauti yake ilikuwa pumzi tupu, ikabidi nimlalie kifuani nisikie.

"Mwanangu, adui hakupimi ukiwa unamwona. Adui anakupima ukiwa umelala." Akapumzika. "Huyu siku akiniamkia kwa adabu, ndo ulie."

Nikamuuliza, mbona ulikuwa unalia alipokupima? Akasema hakuwa analia. Alikuwa anacheka, na kucheka kulikuwa kunamuuma ubavuni, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile mvua. Alimgeuzia Maganga kisogo asimwonyeshe kwamba kashinda. Eh. Mie nilikaa nyuma ya lile pazia na macho yangu mawili mazima, nikaona kila kitu, nikaelewa kinyume.

Chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu. Kuanzia jioni ile Mzee Maganga akaweka sheria. Uji unapikwa, asali inatiwa, halafu anakuja yeye mwenyewe anakaa kwenye kigoda, ananipa mie kijiko cha kwanza. Ananitazama nakimeza. Anasubiri. Anamuuliza mama kwa sauti kubwa, mtoto kafa? Mama anasema hajafa. Basi, mpe mtumwa wangu. Na hapo ndipo nilipoonja ile asali kwa mara ya kwanza. Tamu, halafu moshi, halafu kitu kama ua la porini ambalo hata siku moja sijaliona. Nikawaza na kile nilichowapa sisimizi siku sita, roho ikaniuma mara mbili.

Baba akaanza kumaliza kibakuli. Mie sisemi ni asali peke yake. Kulikuwa na sindano za watu, kulikuwa na dua za mama. Lakini mgonjwa aliyekuwa anaishia vijiko vinne akawa anakwangua chini. Wiki ya pili akatoka na mkongojo mpaka barazani, jua la asubuhi, futi shingoni. Maganga alikuwa pale na mswaki wake. Akamtazama juu mpaka chini, akageukia mtaa mzima, akalalamika kwamba yeye kapoteza asali yake, na pilau hakula. Watu wakacheka. Na mie nikacheka, kwa mara ya kwanza, mpaka baba akanigeukia. Halafu nikajikaza nikamwambia Maganga asijali, akifa yeye kwanza nitamkalia kitanda chake na viatu vyangu. Sikuwa hata na viatu. Akapiga paja. Akamwambia baba, huyu sasa ndo kazaliwa mjini.

Miaka ilienda. Baba aliishi, akashona, akaniozesha, akawapima wanangu nguo za sikukuu kwa futi ile ile. Alipokuja kufariki alikuwa mzee wa haki, na Maganga mzee zaidi, alikuwa kashahamia Ilala. Akaja na fimbo. Akaingia ndani ya msiba na viatu vyake vyenye tope, akapanda kwenye godoro la marehemu, akavaa kofia yake, akasema, nilikuahidi nitakuzika, ukanichelewesha miaka yote hii, mtu gani wewe huna adabu. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka huku makamasi yanawatoka. Kofia akaondoka nayo, ilikuwa haki yake. Futi aliitoa msumarini, akaikunja, akanitia mkononi. Akaniambia, hii kaa nayo, mtu lazima atanipima mie.

Haikupita miaka mingi nikapigiwa hodi kutoka Ilala, Mzee Maganga katutoka. Nikajifunga kanga zangu mbili, nikachukua futi. Njia nzima nilikuwa najiambia sitaweza, nitafika pale nitalia kama watu wengine. Nilifika wanaume wameshanyanyua jeneza, wanatoka nalo mlangoni. Nikasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. Nikawaambia wateremshe. Mmoja akasema mama tupishe, mzee mmoja pembeni akamzuia, akamwambia huyo mwache, huyo Mzaramo.

Wakateremsha. Nikaivuta ile futi juu ya jeneza, kutoka kichwani, taratibu, ilipoisha nikaihamisha, mpaka miguuni. Namba za mwanzo hazionekani kabisa, lakini nikainama nikazisoma hivyo hivyo. Nikawaambia, "Mrefu huyu. Rudini mkaongeze shimo, na bega moja lipeni nafasi, lilizoea gunia." Nikaliambia jeneza, mtumwa wangu, asali umemwachia nani? Na watu wakacheka, wenzangu, msiba mzima ukacheka, wajane, wachimbaji, mpaka shehe nikamwona kageukia pembeni anashika ndevu.

Nikawapisha, wakaenda naye. Mie nikakaa pale pale kizingitini, futi imenizunguka magotini, mabega yakaanza kunitikisika. Nacheka, nalia, hata mwenyewe sikujua kipi ni kipi, na nikamjua baba vizuri siku ile kuliko siku zote alipokuwa hai.

Nilipoinua uso, nikamwona. Kitoto cha kike, mjukuu wa Maganga, miaka sita saba, kimesimama nyuma ya pazia la ukumbini na jicho moja nje. Ananitazama mie. Jicho lile nilikuwa nalijua, mie ndo nilikuwa nalo. Nikamwita kwa kidole, njoo mwanangu. Akanitazama vizuri, toka kichwani mpaka miguuni, kisha akatema mate chini.

Nikamgeukia mama yake. Nikamwambia, huyo mkae naye leo leo mumweleze, na kabla hamjamweleza, asali yenu ifungieni.